Anayeomba kuyeyusha sumaku aulizwe kwanza chuma kitakwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo siku hizi linazungumzwa sana kwenye yadi za vyuma chakavu hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, nalo ni wazo la kukusanya sumaku chakavu za viwandani na za mitambo na kuziyeyusha kwa kemikali ili kupata madini adimu yaliyomo, yaani neodimiamu na wenzake. Nilifundisha kemia kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na baadhi ya vijana wanaonijia na maswali juu ya shughuli hii tayari wana mapipa na wanatafuta tindikali. Siupingi urejelezaji wa sumaku. Hoja yangu ni kwamba yeyote anayeomba kibali cha kuzichakata karibu na Ziwa Victoria aulizwe kwanza chuma na tindikali vitakwenda wapi, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyochukua sehemu kubwa ya kazi yake, na madini adimu yatakuwa sehemu ndogo tu.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuifungua mota au spika, nieleze kwamba sumaku za kudumu tunazokutana nazo huku ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile nyeusi, nzito kidogo, inayovunjika kama kigae, ambayo hukaa nyuma ya spika za redio na ndani ya mota ndogo za bei nafuu. Hiyo huitwa feraiti, na imetengenezwa kwa oksidi ya chuma pamoja na strontiamu au bariamu. Ya pili ni ile inayong'aa kwa sababu imepakwa nikeli, ndogo lakini yenye nguvu ya kutisha, ambayo hupatikana ndani ya diski ngumu za kompyuta, katika mota za pikipiki za umeme, katika baadhi ya kompresa na lifti, katika mota za mitambo inayohitaji mwendo wa uhakika, na katika vile vizuizi vya kunasa vipande vya chuma ambavyo wenye mashine za kusaga nafaka na za kuchambua pamba huviweka kwenye njia ya mzigo. Hii ya pili ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa kule Japani na John Croat kule Marekani, kila mmoja akifanya kazi kivyake. Ipo pia ya samariamu na kobalti, inayostahimili joto kali, lakini kwenye yadi zetu ni nadra kuiona.

Kwa sasa sumaku hizi hazina mwenyewe. Mnunuzi wa skrepa anataka shaba iliyoviringishwa kwenye mota na alumini ya ganda lake, na sumaku kwake ni usumbufu, maana inanata kwenye mizani, inakusanya chenga za chuma, na isipotupwa inachanganywa na chuma cha kawaida na kupelekwa kuyeyushwa nondo. Ndani ya tanuru ya chuma neodimiamu haibaki kwenye chuma, bali hugeuka oksidi na kuondoka pamoja na mavi ya chuma, na hapo imepotea moja kwa moja. Wanaosema kwamba tunatupa mali wana haki ya kusema hivyo. Uchina huzalisha takribani asilimia 90 ya sumaku za aina hii duniani. Ilipobana mauzo yake ya madini adimu mwaka 2010, bei zilipaa hadi mwaka uliofuata viwanda vya nchi nyingine vikahaha, na Aprili 2025 iliweka tena masharti ya leseni kwa madini saba ya kundi hili pamoja na sumaku zinazotengenezwa nayo. Pamoja na yote hayo, tathmini ambayo wataalamu wamekuwa wakiirudia kwa miaka mingi ni kwamba madini adimu yanayorejelezwa kutoka kwenye bidhaa zilizochakaa hayafiki hata asilimia 1.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na naomba wasomaji wanivumilie, kwa kuwa hapa ndipo palipofichika jambo lenyewe.

Kilo moja ya sumaku ya neodimiamu ina gramu 300 hivi za madini adimu, gramu 10 hivi za boroni, na karibu yote iliyobaki, yaani gramu 670 au zaidi kidogo, ni chuma. Njia ambayo vijana wameiona kwenye video za simu ni ya kuitumbukiza sumaku nzima katika tindikali ya haidrokloriki hadi iishe. Inayeyuka kweli, lakini tindikali haichagui. Inakula chuma chote pamoja na madini adimu, na kwa hesabu ya kawaida ya kidato cha tano, kilo hiyo moja itahitaji takribani kilo 3 za tindikali kali ya dukani, ile ya asilimia 37, ambayo karibu asilimia 80 yake itakuwa imetumika kuyeyusha chuma ambacho hakuna anayekitaka. Ni sawa na kununua gunia la mpunga kisha kulipa gharama kubwa zaidi ya kupika pumba. Wakati huohuo mmenyuko huo utatoa takribani lita 370 za gesi ya haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifikia asilimia 4 tu ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche ya swichi ya taa. Zidisha kwa elfu moja upate tani, halafu fikiria chumba cha uani chenye dirisha moja.

Madini adimu yakishatolewa kwenye kimiminika hicho, kwa kutia asidi ya oksaliki ili yajitenge na kutulia chini kama unga, kinachobaki ni maji ya kijani yenye chuma kingi na ukali mwingi. Jibu ninalopewa kila ninapouliza kuhusu maji hayo ni kwamba yatatiwa chokaa. Chokaa inasaidia, nami sitaki kuidharau, kwani inaondoa ukali na kukifanya chuma kitulie kama tope. Lakini kwa kila kilo ya sumaku zitahitajika karibu gramu 900 za chokaa iliyozimwa kwa ajili ya kukitoa chuma peke yake, litapatikana tope lenye maji mengi ambalo halikauki haraka, na ndani ya maji yaliyobaki itakuwemo zaidi ya kilo 1.3 ya chumvi ya kalisi kloridi ambayo imeyeyuka kabisa, isiyoonekana kwa macho, isiyochujika kwa kitambaa wala kwa mchanga. Chokaa haiigusi kloridi. Viwanda vikubwa vya chuma vina mitambo ya kuyachoma maji ya namna hii na kuirudisha tindikali itumike upya, lakini hiyo ni mitambo ya mtaji mkubwa na ya tani nyingi kila siku, na si ya mtu aliyeanza na mapipa mawili.

Kwingine mtu angeweza kusema kwamba mto utayachukua maji hayo hadi baharini. Huku kwetu Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kuishia ziwani, na ziwa hilo, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800 lakini kina cha wastani cha mita 40 tu, lina mlango mmoja wa kutokea, kule Jinja nchini Uganda. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa njia ya mvuke. Mvuke haubebi chuma wala kloridi, kwa hiyo kinachoingia hukaa kwa miaka mingi. Maji yenye chuma cha aina hii yakikutana na hewa hunyonya oksijeni iliyomo na kutandaza kutu laini chini, na maeneo ya kina kifupi penye matete na mawe, ambako sato hutaga, ndiyo yanayopokea kwanza. Na maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanatoka ziwani humo humo, huko Capripoint na Butimba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni kifungu kizuri, na kingetekelezwa ipasavyo tungekuwa na mabishano machache zaidi katika mji huu. Lakini kwa shughuli ninayoizungumzia mita 60 hazitoshi kuwa kipimo, kwa sababu mtaro wa mvua unaoanzia kilometa kadhaa huko juu Buzuruga hufika ziwani katika muda wa mvua moja.

Ipo njia iliyo bora kuliko ile ya mapipa, nayo inajulikana vizuri. Sumaku hupashwa joto la nyuzi 350 hivi ili zipoteze usumaku, husagwa, kisha unga wake huokwa katika tanuru yenye hewa hadi chuma kigeuke oksidi, yaani kutu nyekundu iliyokomaa, ambayo haiyeyuki kirahisi katika tindikali nyepesi. Hapo tindikali hutiwa kwa kipimo, ikala madini adimu na kuacha sehemu kubwa ya chuma chini. Mahitaji ya tindikali hushuka hadi kama moja ya tano ya yale niliyoyataja, haidrojeni karibu inatoweka katika hesabu, na chuma kinabaki kama unga mwekundu mkavu, karibu kilo moja kwa kila kilo ya sumaku iliyoingia, ambao ukioshwa na kupimwa vizuri unaweza kufikiriwa kwa viwanda vya saruji au rangi. Kimiminika kilichobaki hutiwa asidi ya oksaliki, unga unaojitenga huokwa tena kwenye joto la nyuzi 800 au 900, na mwisho hupatikana gramu 350 hivi za oksidi mchanganyiko ya neodimiamu na wenzake.

Hata hivyo njia hii nayo ina mtego wake, na wanaoitangaza huuruka. Joto la kuoka likizidi, sehemu ya neodimiamu huungana na chuma na kuwa kampaundi ngumu ambayo tindikali nyepesi haiiwezi, na mavuno hupungua. Fundi asiye na maabara ataona mavuno yamepungua bila kujua sababu, na jambo la kwanza atakalolifanya ni kuongeza tindikali na kuipasha moto, na akifanya hivyo amerudi palepale kwenye maji ya kijani. Kwa hiyo kibali cha kuoka bila kipimajoto cha kuaminika na bila mtu wa kupima kilichoyeyuka ni kibali cha jina tu.

Nimekwisha kuulizwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba ikiwa dhahabu inasafishwa hapa hapa Mwanza katika kiwanda kilichozinduliwa Juni 2021, sumaku zina nini hata zikataliwe. Swali ni la haki. Tofauti ni kwamba dhahabu inayofika kusafishwa imekwisha kuwa dhahabu kwa sehemu kubwa, na kinachotengwa ni kidogo, ilhali sumaku inafika ikiwa theluthi mbili zake ni kitu cha kutupwa. Tofauti ya pili ni wingi. Diski moja ya kompyuta ina gramu 10 hadi 20 za sumaku, hivyo tani moja inadai diski zisizopungua elfu 50. Mota ya pikipiki ya umeme ina gramu mia kadhaa, na pikipiki hizo bado ni chache huku na nyingi ni mpya. Kiwanda cha kemikali hakiishi kwa kungoja mzigo, na kisipopata mzigo wa kutosha, cha kwanza kupunguzwa ni gharama ya kusafisha maji yake. Hilo tumeliona katika viwanda vya bidhaa nyingine kabisa.

Kwa maoni yangu, basi, Mwanza ianze na sehemu ya kazi isiyohitaji tindikali hata tone. Mota zifunguliwe kwa utaratibu, sumaku zitengwe kwa aina, za feraiti mbali na za neodimiamu, ziondolewe usumaku katika tanuru ndogo yenye bomba la kuvuta moshi (kwa sababu gundi na rangi zilizoshikamana nazo hutoa moshi mbaya), zipimwe, zifungwe na kuandikwa zilikotoka. Sumaku iliyotengwa vizuri ni bidhaa. Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza kwa miaka mingi kimeendeleza njia ya kuipasua sumaku kwa gesi ya haidrojeni hadi iwe unga wa aloi uleule, unaoweza kutengenezwa sumaku nyingine bila kupitia tindikali, lakini njia hiyo inataka mzigo safi wa aina moja, na mzigo safi hupatikana mahali ambapo mtu aliyefungua mota alijua anachokitenga. Vijana wanaosoma ufundi umeme pale VETA Nyakato, na mafundi wa kuwaindi mota waliotapakaa mjini, tayari wana zaidi ya nusu ya ujuzi huo.

Najua nitaambiwa kwamba hiyo ni kurudi kulekule kwa kusafirisha mali ghafi, jambo ambalo nchi yetu imelikataa kwa sheria katika madini tangu mwaka 2017. Nalielewa dukuduku hilo na kwa kiasi nalishiriki. Lakini tunao mradi wa madini adimu wa Ngualla, mkoani Songwe, ambao serikali ilisaini mkataba wake Aprili 2023 na kupata hisa za asilimia 16, na madini yake yana neodimiamu na praseodimiamu zilezile zilizomo ndani ya sumaku hizi. Ikitokea siku moja kiwanda cha kuchakata madini ya namna hiyo hadi oksidi kikajengwa ndani ya nchi, kitakuwa na tindikali yake, matanuru yake, bwawa lake la tope na wakaguzi wake mahali pamoja, na sumaku za Mwanza, Shinyanga na Geita zinaweza kupelekwa huko kama nyongeza ya mzigo. Hata kutenganisha neodimiamu na disprosiamu, ambayo ni mwenzake katika madini adimu, kazi ambayo huhitaji vimiminika visivyochanganyika kukutanishwa mara kwa mara katika matangi mengi yaliyopangwa safu, kunaeleweka kibiashara mahali pa namna hiyo tu. Hadi hapo, magunia ya sumaku zilizotengwa yanaweza kukaa ghalani pasipo kuharibika kwa haraka, mradi pawe pakavu. Na kama zitasafirishwa nje, wafanyabiashara wajue kwamba chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi, ambao Tanzania ni mwanachama, tangu 1 Januari 2025 taka za kielektroniki, ziwe hatarishi au zisiwe, zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya kuondoka.

Juu ya feraiti sina mengi ya kusema. Ndizo nyingi kuliko zote katika yadi, na ndizo ambazo hazina faida kuyeyushwa kwa kemikali, kwa kuwa thamani ya strontiamu iliyomo haifikii hata bei ya tindikali. Zile nzima zitumike tena, na zilizovunjika zikisagwa zinaweza kuchanganywa na plastiki kutengeneza sumaku dhaifu za kazi ndogondogo. Anayekuambia atakupa utajiri kutokana na sumaku nyeusi za spika anakudanganya.

Kuna tahadhari nyingine ambazo haziwezi kungoja kibali cha mtu yeyote. Unga wa sumaku za neodimiamu, ule mwembamba unaotoka kwenye jiwe la kunolea au grenda, huweza kuwaka wenyewe ukiwa mkavu na ukikutana na hewa, na viwanda vinavyotengeneza sumaku huuhifadhi ukiwa umelowa. Asikate mtu sumaku hizi kwa grenda kavu. Sumaku kubwa mbili zikirukiana huvunja kidole, na ndogo mbili zikimezwa na mtoto hubanana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, kwa hiyo zisipewe watoto kuchezea kama ninavyoona zikifanywa.

Ninachoomba kwa mamlaka ni vitu vichache na vyote viko ndani ya uwezo wao wa sasa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kupitia ofisi yake ya Kanda ya Ziwa, lisipokee tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote wa sumaku ambayo haina jedwali la mizania linaloonyesha kwa kila tani inayoingia ni kilo ngapi za chuma, za kloridi au salfati na za tope zinazotoka, na kila moja inapokelewa na nani kwa mkataba upi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusajili wanaoshughulika na kemikali za viwandani, ifuatilie tindikali inayouzwa kwa madumu kwenye maduka ya mjini, kwani mnunuzi wa madumu 20 ya tindikali asiye na kiwanda anajulikana kwa muuzaji hata kama hajulikani ofisini. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria isitoe kibali cha kumwaga maji kwa kuangalia ukali wake peke yake, bali ipime pia chuma na chumvi zilizoyeyuka. Nayo halmashauri ya jiji na ile ya Ilemela zitenge eneo moja la kufungulia mota na vifaa vya umeme, lenye sakafu ya zege na paa, mbali na mitaro, ili mafundi wasiendelee kufanya kazi hiyo pembezoni mwa Mirongo.

Wenye yadi nao wanaweza kuanza wiki hii, kwa kuweka pipa la pekee la sumaku zinazong'aa na kukataa kuzichanganya na chuma cha kupelekwa kwenye tanuru za nondo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Nyegezi, Mwanza.